Gemu ya kitambo na nguo mpya

Jana jamu ya Jogoo Road imetukalia karibu saa nzima, nikatoa DS yangu ya mtumba (kale kamashine ka gemu ka mkononi ka Nintendo), ile kioo cha chini kimekwaruzika, nikaendelea na HeartGold, gemu ya Pokémon. Dogo wa kiti cha kando akachungulia weee mpaka akashindwa, "Brathe, si hiyo ni Pokémon ya kitambo?"

Ni ya kitambo iliyotengenezwa upya. Gold na Silver zilitoka Japani 1999, HeartGold na SoulSilver 2009, na hapo walifanya kazi safi buana, Pokémon wa kwanza kwa timu anakufuata nyuma karibu kila mahali, ukimgeukia ukimuongelesha unaambiwa vile anaskia. Mimi husimama tu njiani bila sababu nimsalimie Cyndaquil wangu (usinicheke).

Sasa zile zingine za kutengenezwa upya, za 2021, Brilliant Diamond na Shining Pearl, aah. Exp. Share, ile ya kugawia timu pointi za kupanda level, huwezi kuizima, timu yote inakula pointi hata wasiopigana, kwa hivyo jim zote, zile vita za kushinda beji, nilipita kama maji halafu nikafika kwa Cynthia, bingwa wa mwisho, Pokémon yake Garchomp ikanichapa mpaka nikazima gemu nikaenda kupika ugali.

Dogo alishuka Donholm bado ananiuliza hiyo DS nauza ngapi. Siuzi.