Namna nilivyoivuka sura ya kwanza ya memware

Sura ya kwanza ilinimalizia miezi minne. Memware yangu, yaani tasnifu ya chuo, inahusu serikali ya kidijitali, yaani serikali kumhudumia raia kwa kompyuta na intaneti, na profe anayeniongoza hapa Lubumbashi alitaka nionyeshe utafiti wa jambo hili umetoka wapi na umefika wapi. Nilipakua makala usiku, umeme ukiwepo, nikazipanga kwa miaka: fulani alisema hivi, fulani akasema vile. Kurasa 26. Profe alisoma tatu akafunga. "Mama, umenihesabia watu tu. Walikuwa wanabishania nini?"

Nilinunua daftari jipya. Safari hii sikuandika walichosema, niliandika walichouliza.

Watafiti Karen Layne na Jungwoo Lee, mwaka 2001, waliuliza serikali imepanda hadi ngazi ya ngapi. Ngazi zao ni nne: kuweka taarifa kwenye tovuti, kumwezesha raia kujaza fomu na kulipa humo humo, kuunganisha mifumo ya ofisi za chini na za juu, na mwisho kuunganisha idara zenye kazi tofauti. Nilizipenda sana, mpaka siku niliyomsindikiza mdogo wangu komini, ofisi ya manispaa, kutafuta cheti cha kuzaliwa. Karani alifungua rejista ya karatasi, akapekua ukurasa kwa ukurasa, huku mwenzake wa ofisi nyingine akimtumia picha za hati kwa WhatsApp. Tovuti haikuwepo, lakini ofisi mbili zilikuwa tayari zinaongea. Hiyo ni ngazi gani?

Nilirudi nyumbani nikamsoma upya mtafiti Richard Heeks. Mwaka 2003 alikadiria kwamba katika nchi zinazoendelea miradi ya namna hii asilimia 35 hufa kabisa, asilimia 50 hufaulu nusu, na asilimia 15 tu hufanikiwa. Ni makadirio, ingawa wengi huyanukuu kama sensa. Kwangu uzito uko kwenye sababu aliyoitoa: pengo kati ya ofisi iliyo kichwani mwa mchoraji wa mfumo na ofisi yenyewe. Tomasz Janowski, mwaka 2015, mtafiti mwingine, aliweka muktadha wa mahali, yaani kuulinganisha mfumo na hali ya pale unapotumika, kuwa hatua ya mwisho ya safari yote. Mimi ningeuweka mwanzo.

Kisha nikagundua nimeruka watu wa zamani. Kenneth Kraemer na wenzake, kule Irvine, Marekani, walichunguza kompyuta za serikali za miji tangu miaka ya 1970, intaneti ya raia ikiwa bado haijazaliwa. Walikuta kwamba mashine mara nyingi humwongezea nguvu yule aliyekuwa nazo tayari. Nilikuwa nimewapa mstari mmoja. Nikawapa kurasa tatu.

Sura ikabaki na kurasa 14. Profe aliisoma yote, akaandika pembeni kwa penseli: "Na huyu karani, mfumo ukija, atapata nini, atanyang'anywa nini?" Sura ya pili nimeianza na swali hilo.