Kamba ya Rehema

Wiki tatu sasa niko kwenye kitu kimoja tu, michoro ya mhusika mkuu wa gemu tunayoitengeneza. Tuko wawili, mwenzangu anaandika kodi za kompyuta, mimi nachora na kuandika stori, na yeye hawezi kusogea mpaka nimwambie huyu mtu akipata nguvu anabadilikaje.

Gemu nyingi za kupanda levo zinafuata njia ileile tangu Dungeons & Dragons ya 1974, ule mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika, unapata pointi, pointi zikitimia unapanda, namba inakuwa kubwa. Sina ugomvi na hiyo, nimeicheza maisha yangu yote. Lakini funika ile namba kwa kidole uone, hujui tena huyu mtu ana nguvu kiasi gani. Mimi nataka mchezaji aangalie mwili tu ajue.

Kuna gemu mbili haziniachi. Moja ni Journey ya 2012, pale skafu ndo nguvu yenyewe, ukiokota alama inayong'aa inarefuka, ikirefuka unapaa zaidi, halafu ukifika kwenye theluji inaanza kupungua na moyo unauma kabisa na hakuna aliyesema neno hata moja. Nyingine ni Shadow of the Colossus ya 2005. Majitu 16, na kila moja likianguka afya na stamina yako vinaongezeka kweli, ila yule kijana anazidi kuchakaa, ngozi inafifia, nywele zinakuwa nyeusi. Siku nilipoliona hilo niliweka padi ya kuchezea chini nikakaa tu.

Kwa hiyo mhusika wetu, Rehema, ana kamba. Kila mtu akimkosea, Rehema anaifunga fundo moja. Wazo lote limetoka kwenye ule usemi wa kuwa na fundo moyoni, nikajiuliza je mtu angeyabeba nje, yaonekane, yawe na uzito? Fundo la kwanza linampa uwezo wa kuvuta vitu vya mbali, la pili anamnasa adui, la tatu anabomoa ukuta, na kila likiongezeka ngumi inakuwa nzito lakini kuruka kunapungua, kidogo tu, mchezaji asishtuke mapema.

Kuchora sasa. Naanzaga na picha ndogo ndogo za ukubwa wa kidole gumba, nyeusi tupu, hakuna uso wala rangi, maana umbo likishindwa kusema likiwa jeusi basi rangi haitaliokoa. Nilichora Rehema watano kwenye mstari mmoja, levo 1 mpaka 5, nikasogea mbali na skrini, nikamwita mwenzangu nikamuuliza yupi ana nguvu zaidi. Wa kwanza na wa mwisho akawapata hapohapo, ila wa 3 na wa 4 alisimama pale muda mrefu akaishia kubahatisha. Nilikuwa nimeongeza mafundo tu, mwili ukabaki uleule umenyooka kama haujabeba kitu.

Nikafuta wote nikaanza na bega. Levo 1 kamba iko kwenye kifundo cha mkono, amesimama wima. Levo 2 imefika kwenye kiwiko. Levo 3 imepita begani na bega la kushoto limeshuka, kichwa kimeinama upande huo kama mtu aliyebeba ndoo. Levo 4 imezunguka kiuno, hatua zimekuwa fupi, na levo 5 inaburuzwa chini inaacha mstari kwenye vumbi, yaani hata akitoka kwenye skrini unaona alikopita. Safari hii mwenzangu aliwapanga wote bila kuuliza.

Halafu stori ikajipindua yenyewe. Kama kuruka kunapungua, basi kuna sehemu za juu Rehema wa levo 5 hafiki kamwe, inabidi afungue fundo, na kulifungua lazima amrudie mtu yule aliyemkosea. Hiyo haimo kwenye menyu wala huifanyi katikati ya pambano, ni unakaa chini naye, unashika kitufe, fundo linalegea taratibu huku yule mtu anaongea, na ukiachia kitufe mapema linakaza tena. Nguvu inapotea. Kuruka kunarudi. Ni sehemu ninayoipenda kuliko zote na ndo iliyonitesa zaidi, kwa sababu nilimchora Rehema wa mwisho akiwa na kamba safi imenyooka na picha ikawa ya uongo, sikujua kwa nini.

Nikachukua kamba halisi, nikaifunga mafundo matano nikayakaza kwa nguvu zangu zote, nikaiacha siku saba juu ya meza. Jana nimeyafungua. Kamba haikunyooka, pale kila fundo lilipokuwa imebaki na mkunjo, nyuzi zimelala upande na zimekuwa nyembamba, ukipitisha kidole unaihesabu mikunjo, mitano. Nimeichora hivyohivyo mkononi mwa Rehema, bega limerudi juu, mikunjo ipo, na usiku huu namtumia mwenzangu faili.