Namba 214 haina deni

Jumapili ya pili tangu nirudi Machame, Kilimanjaro, mzee wa kanisa alinifuata kwenye mnada wa sadaka baada ya ibada. Nilikuwa nimekumbatia mkungu wa ndizi nilioununua kwa elfu 45 kwa sababu tu watu walikuwa wananitazama, na sikujua nitaufikishaje nyumbani. Akanipa mkono, akarudia pole za mama, halafu akaninong'oneza: "Kijana wangu, wewe tulia. Namba 214 haina deni."

Nikacheka, nikidhani ni utani wa wazee. Akanipeleka ukutani kwenye karatasi za mhazini, zile zenye namba ya bahasha ya sadaka ya kila msharika na kiasi alichotoa. Majina hayaandikwi, lakini kila mtu anaijua ya jirani yake. 214 ilikuwa pale, imejazwa Jumapili kwa Jumapili. Ni namba niliyopewa baada ya kipaimara. Nimekaa Ujerumani miaka 17 nikiamini ilishapewa mtu mwingine.

Mengine nilikuwa nimejiandaa kuyakuta. Kahawa imeng'olewa, kihamba, shamba letu la nyumbani, kimejaa parachichi. Mfongo, ule mfereji tuliokuwa tunaoga, umekauka, watoto wanachezea mpira ndani yake. Kaburi la mama limewekwa marumaru nyeupe kama bafu la hotelini. Wadogo zangu waliamua, na mimi niliyetuma hela tu sina mdomo wa kusema. Mama nilimzika kwa simu. Makaratasi yangu yalikuwa mezani kwa ofisa fulani, ningetoka nchini nisingerudi, basi nikamwangalia mama akishuka kaburini kupitia simu ya mpwa wangu, nikaona zaidi viatu vya watu na mwavuli mmoja mwekundu. Wasifu niliusikia vizuri: alizaliwa, akabatizwa, akafunga ndoa takatifu, akajaliwa watoto 7, alikuwa mke mwema na Mkristo mwaminifu. Miaka 84 ikaisha kabla maiki haijaanza kukoroma. Hata habari kwamba baba alikuwa anakuja mwishoni mwa mwezi na kuondoka Jumatatu, na kwamba kihamba, ng'ombe, ada na jumuiya ya alfajiri vyote vilikuwa mgongoni mwa mama, haikupata mstari.

Ila hii bahasha imeninyima usingizi.

Nilimuuliza mdogo wangu wa kike, aliyebaki nyumbani. Akaniangalia kama mgeni. "Maziwa ya jioni ni yako. Hukujua?" Ya asubuhi yalikuwa ya nyumba. Ya jioni yalipimwa kwenye kidumu, yakapelekwa kwa jirani mwenye hoteli, hela ikawekwa kwenye kopo la majani ya chai, na Jumamosi usiku mama akaandika 214 kwa mkono wake. Alianza na mia tano, akafika elfu mbili. Mvua isiponyesha na ng'ombe akakauka, aliuza ndizi sokoni Kwa Sadala. Hela nilizokuwa namtumia hakuzigusa kwa kazi hiyo, eti hizo ni zangu, na sadaka haitolewi kwa hela ya kuombwa. Mantiki hiyo mpaka leo sijaielewa.

Sasa nisikilizeni vizuri. Mimi nilikuwa naishi Leipzig. Ndiyo, Leipzig hiyohiyo ambayo wamisionari wake walifika Machame mwaka 1893. Mama alilijua hilo kuliko mimi, na kila simu lazima aulize: "Huko walikotoka wamisionari, kanisani mnajaa mpaka nje?" Tunajaa, mama. Nikampigia picha ndani ya Thomaskirche, kanisa lenye kaburi la Bach, yule mtunzi wa muziki, siku watalii walipofurika kusikiliza kwaya, nikamwambia ndiyo ibada. Aliiweka kwenye fremu. Bado iko sebuleni, juu ya kabati la vyombo.

Ukweli ni kwamba kule ukijiandikisha makazi unaulizwa dini yako, na ukisema Mlutheri unakatwa kodi ya kanisa, kwa Sachsen, jimbo la Leipzig, ni asilimia 9 ya kodi yako ya mapato. Mwaka wa tatu niliona hiyo ni hela ya kiwanja. Nikaenda kwa msajili, nikasaini kujitoa kanisani, dakika kumi haziishi, na cheti nikapewa. Nilijiona mjanja, nikawafundisha na wenzangu. Wiki hiyohiyo, bila shaka, mwanamke wa miaka zaidi ya 70 alikuwa anashuka mteremko wa matope na kidumu cha maziwa ili mimi nisitoke kanisani.

Nikamuuliza mdogo wangu, kwa nini? Kwamba nibarikiwe? Akacheka. "Mama alisema wewe utarudi kwenye sanduku, na asiye na bahasha mchungaji atamfanyia maswali. Hakutaka ufikishwe hapo halafu wazee waanze kufungua madaftari." Kwa hiyo miaka yote hiyo alikuwa ananilipia maziko. Mimi nikiwa hai, nakunywa bia.

Nyie mnaopanga kurudi, mtaambiwa mje na dawa za mbu na chenji. Mimi nawaambia muulizeni mama namba ya bahasha yako kabla hajafa, na kama mmesaini karatasi kama yangu, msiichanganye na pasipoti begini. Yangu mdogo wangu ameshaiona. Hajui Kijerumani, lakini neno la kanisa alilitambua, na mhuri aliuona. Amesema tu, "Hii ni ya nini?" Nimemwambia ni ya kodi. Sijadanganya.

Jana mzee wa kanisa alipita na furushi la bahasha 52 za mwaka mpya, zimefungwa kwa mpira, zimeshapigwa namba. Akasema mama huwa anazichukua mapema. Alisema "huwa", nami sikumsahihisha. Jioni mdogo wangu akasimama mlangoni na kidumu, akauliza kama maziwa tuyanywe au ayapeleke.

Nikamwambia apeleke.