i5 Iliyoishinda i7: Nilivyopima Prosesa za Laptopu Kabla ya Kununua

Somo moja la video la hesabu la dakika 12 lilikuwa linaichukua laptopu yangu zaidi ya saa nzima kulirenda, yaani kuunganisha picha, sauti na maandishi yawe faili moja la video. Nilikuwa naliacha lipikwe usiku. Siku nyingine naamka alfajiri nakuta limekwama kwenye asilimia 80 na mashine imejizima kwa joto. Ndani yake mlikuwa na Core i5-4300U, prosesa (ubongo wa kompyuta) ya mwaka 2013 yenye viini 2, yaani sehemu mbili za kufanya hesabu. Ilinitumikia kwa uaminifu miaka mingi, ila kazi ilikuwa imeizidi uwezo.

Laptopu mpya ilikuwa nje ya uwezo wangu, kwa hiyo nikaanza kutafuta iliyotumika. Muuzaji mmoja aliniwekea mbili mezani, zote zina RAM (kumbukumbu ya kazi) ya GB 8 na diski ya kasi ya SSD. Moja ilikuwa na i7-7500U, nyingine i5-8250U. Ya i7 aliitajia bei ya juu zaidi.

"Ndugu yangu, hii ni i7, hiyo ni i5," akaniambia. "Saba na tano hazilingani hata siku moja."

Alisema hivyo kwa nia njema, naamini, maana ndivyo wengi wetu tulivyozoea kuhesabu. Lakini i5 na i7 ni daraja tu ndani ya kizazi kimoja. Ukitaka kujua kizazi, kwa prosesa za Intel za wakati ule, soma tarakimu ya kwanza baada ya kistari: 7500U ni kizazi cha 7, 8250U ni cha 8. Halafu soma herufi ya mwisho, kwa sababu hiyo ndiyo inayokueleza tabia. U ni prosesa ya kubana umeme, kwa kawaida wati 15. HQ na MQ ni za kazi nzito, kwa kawaida zinakula wati 45 na zaidi, na laptopu zake huwa nene.

Sasa tazama lililotokea kati ya vizazi hivyo viwili. i7-7500U ya mwaka 2016 ina viini 2 na nyuzi 4, yaani inaweza kushughulikia mikondo 4 ya kazi kwa pamoja. i5-8250U ya mwaka 2017 ina viini 4 na nyuzi 8. Kiini chenyewe karibu ni kile kile, na zote zimetengenezwa kwa teknolojia ya nanomita 14. Intel iliongeza idadi tu. Wanaosoma karatasi ya sifa hupotea kwenye kasi ya msingi: i7 imeandikiwa gigahezi 2.7, i5 imeandikiwa 1.6. Ukiishia hapo utadhani i5 ni kobe. Ile 1.6 ni kasi ambayo viini vyote vinne vimehakikishiwa wakati vikigawana wati 15 zile zile. Joto na umeme vikiruhusu, hupanda hadi 3.4, na i7 hupanda hadi 3.5.

Sikutaka kubishana kwa karatasi. Nilimwomba muuzaji anipe muda nizipime zote mbili, naye akakubali bila kinyongo. Nilikuwa nimebeba flashi yenye HandBrake, programu ya kugeuza video, na kipande cha somo langu mwenyewe, dakika 3 kamili. Kila mashine ikachomekwa kwenye chaji, programu nyingine zote zikafungwa, nikageuza faili lile lile mara tatu mfululizo huku nimefungua pembeni Task Manager, dirisha la Windows linaloonyesha prosesa inavyofanya kazi, nione kasi inavyokwenda.

Mara ya kwanza i7 ilitumia dakika 7 na sekunde 10. Mara ya pili na ya tatu zilipishana nayo kwa sekunde chache tu. i5 ilimaliza ya kwanza kwa dakika 4 na sekunde 20, ya pili 4 na 55, ya tatu 5 na 30.

Hiyo namba ya tatu ndiyo iliyonishughulisha kuliko zote. Ushindi ulikuwa wazi, lakini kwa nini ilikuwa inachoka? Nikaitazama tena Task Manager kwa makini. Inapoanza, kasi iko juu ya gigahezi 3. Baada ya kama nusu dakika inashuka hadi 2.4 au karibu na hapo, na huo ni utaratibu wa kawaida: prosesa hizi zinaruhusiwa kuvuka wati 15 kwa muda mfupi mwanzoni, kisha zinarudi kwenye kiwango chake. Ila hii haikutulia kwenye 2.4. Iliendelea kuteremka hadi chini ya 2, feni ikilia kama upepo wa masika, na upande wa kushoto wa kibodi haushikiki. Hilo lilikuwa joto, na joto mara nyingi linatibika. Nikaliweka moyoni.

Kwa haki ya i7, niseme pia nilichokiona kwenye kazi nyepesi. Kufungua kivinjari, kuandika, kupitia majedwali: sikuona tofauti yoyote kati yao. Kazi za namna hiyo hutegemea kasi ya kiini kimoja, na hapo zinalingana. Anayeandika barua tu i7-7500U itamtosha kabisa. Tatizo langu lilikuwa kuilipia zaidi.

Jambo jingine lililoishusha thamani ni Windows. Msaada wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel huanzia rasmi kizazi cha 8, isipokuwa prosesa chache za nyuma yake. i7-7500U haimo kwenye orodha hiyo, i5-8250U imo. Mtumiaji wa Linux hili halimgusi, lakini programu yangu ya kuhariri iko Windows, kwa hiyo kwangu lilikuwa na uzito mkubwa.

Kabla sijalipa, mwenzangu wa kazini akaniletea ya tatu: laptopu nzito yenye i7-4800MQ, ya mwaka 2013, viini 4, nyuzi 8, wati 47. Nusura niichukue. Kipande changu ilikimaliza kwa dakika 4 na sekunde 5, mara zote tatu, bila kuyumba. Prosesa ya kizazi cha 4 inaipita ya kizazi cha 8! Wati zina maana yake: ikipewa umeme wa kutosha na chombo kikubwa cha kupooza, chipu ya zamani inasimama imara. Lakini nilipofungua video ya 4K niliyoirekodi kwa simu kwa mfumo wa kubana video uitwao HEVC, picha ikawa inarukaruka huku prosesa imefika asilimia 100. Sehemu yake ya michoro haina uwezo kamili wa kufungua HEVC, kwa hiyo viini vinabebeshwa mzigo. Kwenye i5-8250U video hiyo hiyo ilitiririka, prosesa ikiwa haijafika hata asilimia 20. Mimi narekodi kwa simu kila siku. Zaidi ya hapo, betri ya ile nzito ilikuwa inakauka upesi mno.

Nilitafuta na Ryzen 5 4500U, prosesa ya kampuni ya AMD yenye viini 6, ya mwaka 2020, sikuipata kwa bajeti yangu. Ningeipata, ningeichukua bila kufikiri mara mbili. Huko nako kuna mtego wa majina: Ryzen 5 3500U ya laptopu ina viini vya muundo wa Zen+, si Zen 2 iliyo mpya zaidi kama Ryzen nyingi za kompyuta za mezani zenye namba za 3000. Kati ya 3500U na 4500U kuna hatua kubwa kuliko namba inavyoonyesha.

Nikanunua i5-8250U. Jioni ile ile nikaifungua mgongo. Kwenye matundu ya kutolea hewa kulikuwa na tabaka la vumbi lililoshikana kama kitambaa, nikalivuta likatoka kipande kizima. Pesti ya kupitisha joto juu ya prosesa ilikuwa imekauka, inapukutika ukiigusa kwa ukucha. Nikaifuta kwa spiriti hadi chipu ikang'aa kama kioo, nikaweka tone jipya dogo kuliko punje ya mchele, nikakaza skrubu kwa kupishanisha pembe. Nikaongeza na RAM ya pili ya GB 8, kwa sababu iliyokuwamo ilikuwa kipande kimoja, na vipande viwili huipa sehemu ya michoro njia pana ya kupitishia data.

Nikarudia kipimo. Ya kwanza dakika 4 na sekunde 15, ya pili 4 na 30, ya tatu 4 na 30. Kasi ilitua kwenye gigahezi 2.5 na kubaki hapo. Somo la dakika 12 sasa linamalizika ndani ya dakika 20, nikiwa bado nimekaa mezani naandaa maswali ya somo linalofuata.