Watoto 78, simu moja

Nafundisha darasa la tatu hapa Tanga mjini, watoto 78 chumba kimoja, na mwaka huu nimekubali jambo nililokuwa nalikwepa siku zote, kwamba hawa sio darasa moja. Wapo wanaosoma hadithi nzima bila kukwama, wapo wanaounganisha silabi kwa kidole, na wapo 11 ambao mwezi wa pili walikuwa bado wanachanganya b na d. Halafu mi nasimama mbele na somo moja, mwendo mmoja, nafundisha wale wa katikati. Wa mbele wanachoka wanaanza fujo, wa nyuma wanaitikia "ndiyo mwalimu" na hawajaelewa kitu.

Nikaanza na simu yangu. Mapumziko naita mtoto mmoja mmoja, namrekodi anasoma dakika moja tu, wiki mbili nikawamaliza wote. Usiku nasikiliza huku nakuna nazi, na aisee, kuna vitu darasani huvisikii kabisa! Mtoto mmoja wa Sahare, mkimya, siku zote nilimhesabu kwenye wazito, kumbe anasoma vizuri tu ila sauti yake ndogo mno haifiki mbele. Iliniuma sana. Mwingine hodari wa kunyoosha mkono kumbe ameukariri ule ukurasa, nilipofunua mwingine akakwama neno la pili.

Basi nikagawa makundi, Embe, Nazi na Chungwa, majina yasiyosema nani yuko juu. Wanaosoma vizuri wanarekodi hadithi kwenye simu, wa katikati wanazisikiliza kwenye spika ndogo huku wanafuatisha na kitabu, na mi kwa dakika 20 nakaa mkekani na wale 11. Dakika 20 hizo ndo nilikuwa sina miaka yote. Bando situmii, kila kitu kiko kwenye memori kadi, chaji najaza nyumbani maana umeme ukikatika mchana sina la kufanya. Kila wiki ya tatu narekodi upya na watu wanahama makundi, lazima wahame, vinginevyo kundi linageuka jina la mtoto.

Watu wa mkoa huu mtakuwa mnazikumbuka tableti za Global Learning XPRIZE, lile shindano la programu za kumfanya mtoto ajifunze mwenyewe kusoma, kuandika na kuhesabu, vijiji 170, watoto karibu 3,000, wengi wao hawajawahi kwenda shule, chaji ya sola hapo hapo kijijini, programu za Kiswahili. Mtoto anaenda kwa mwendo wake, mwenzie kafika mbali yeye bado yuko kwenye herufi na hakuna anayemcheka. Mwaka 2019 timu mbili, Kitkit School na onebillion, wakagawana ushindi, na programu za waliofika fainali zikaachiwa bure kwa yeyote anayetaka kuziendeleza. Mi tableti sina, ila jambo moja nimelichukua kwao, mashine haichoki kurudia. Mimi mara ya sita sauti inaanza kupanda na mtoto anaisikia, rekodi mara ya sita ni ile ile ya mara ya kwanza. Kwa mtoto mwoga hiyo ni kubwa mno.

Hesabu bado sijapata njia nzuri, nikipata nitaandika.

Lililonipa shida zaidi ni wazazi. Mama mmoja alikuja amekasirika, "Mwalimu, mbona mwanangu anapewa kazi nyepesi kuliko ya mtoto wa jirani, umeshamkatia tamaa?" Sikubishana nae. Nikamkaribisha kiti, nikamwekea rekodi ya mwezi wa pili, mwanae anahangaika, ba, da, ba, kimya kirefu. Halafu ya mwezi wa sita, anasoma sentensi tatu, polepole lakini zote tatu na nukta anaiheshimu. Mama akashika simu kwa mikono miwili, akaiweka sikioni, akasema, "Irudie mwalimu, hiyo ya mwisho."