Gorogoro, daftari la deni na ushirika wa Jumatano

Kundi letu la ushirika wa nyumbani hapa Kangemi lina desturi moja: kila Jumatano jioni, kabla ya chai, kila mtu aseme Mungu amemfundisha nini wiki hiyo. Ni desturi nzuri kwa wenye maisha ya kusimulika. Mmoja ameota ndoto, mwingine ameponea chupuchupu akivuka Waiyaki Way. Mimi nauza nafaka. Nafungua duka asubuhi, napima mahindi, napima ndengu, nafunga usiku. Kwa muda mrefu zamu yangu ikifika nilikuwa nasema, "Mungu ni mwema," watu wanaitikia, "Kila wakati," na mzee wa kundi anaenda kwa anayefuata.

Mambo yalifunguka nilipogeuza utaratibu. Awali nilikuwa nachukua somo la Jumapili na kulitafutia mfano dukani, na mfano ulikuja kwa kuburutwa. Siku hizi naanzia dukani. Jambo likitokea naliandika kurasa za nyuma za daftari la deni, vile lilivyotokea, bila kulibandika funzo. Usiku ndipo naangalia kama Biblia ina neno kuhusu jambo la aina hiyo. Mara nyingi sipati kitu, nafunga daftari nalala. Lakini ninapopata, napata kweli, maana watu wa Biblia walikuwa wakiuziana nafaka, wakikopeshana, na wakipunjana vilevile.

Chukua Luka 6:38. Mstari huo nilikuwa nausikia wakati wa sadaka tu: toa, nawe utapewa, na kapu linapita. Sasa nina mteja, mama wa githeri anayepikia mafundi wa mjengo, ambaye hanunui maharagwe bila kusimamia kipimo. Mizani ninayo, lakini yeye anaamini macho yake kuliko mshale. Nachota maharagwe ya wairimu, najaza gorogoro, kopo letu la kupimia nafaka, mpaka ukingoni. "Tikisa, mama," ananiambia. Natikisa, maharagwe yanashuka vidole viwili. Naongeza. Anaweka kiganja juu, anashindilia. Naongeza tena. Kisha anataka kilima, na kwake kilima hakijawa kilima mpaka punje zianze kuteleza na kutawanyika kwenye kaunta. Hapo ndipo anakinga leso yake, namimina.

Niliandika hayo tu. Usiku nikafungua Luka, nikakuta "kipimo cha kujaa na kushindiliwa, na kusukwa-sukwa hata kumwagika", tena kinamiminwa vifuani mwa watu, yaani kwenye vazi lililokunjwa kifuani likawa kama mfuko. Mama wa githeri kabisa! Aliyesema maneno yale alikuwa ameona nafaka ikipimwa.

Kisha nikarudi nyuma mstari mmoja, jambo ambalo wakati wa sadaka halina nafasi. Mstari wa 37 unasema msihukumu, msilaumu, achilieni. Kwa hiyo kipimo kinachozungumziwa ni namna tunavyowapimia watu wengine makosa yao. Wako wenye maduka ambao gorogoro likishajaa hupitisha kijiti juu kulisawazisha, punje isizidi. Kijana anayenisaidia akichelewa asubuhi, nampimia kwa kijiti au kwa kilima? Na mwanangu akichelewa je? Jumatano hiyo zamu yangu ilikula muda wa watu watatu.

Wiki nyingine nilibeba gorogoro lenyewe. Duka hili nilipolichukua nilikuta humo gorogoro ambalo kitako chake kilikuwa kimegongwa kikaingia ndani. Likijaa, kwa macho hutaona tofauti. Nilinunua jingine siku hiyohiyo, lakini lile sikulitupa. Tulisoma Amosi 8:5, wale wafanyabiashara wanaosubiri sabato iishe wakauze nafaka, huku wakiipunguza efa, kipimo chao cha nafaka, na kuiongeza shekeli, uzito wa kupimia fedha ya mnunuzi, gorogoro likipita mkono kwa mkono. Kila aliyelipokea alitia vidole ndani kupapasa kitako. Hakuna aliyehitaji kuelezwa Amosi alikasirikia nini.

Daftari la deni nalo ni somo gumu zaidi, na sitajifanya nimelimaliza. Katika Mathayo 6:12 tunaomba tusamehewe deni zetu kama tunavyowasamehe wadeni wetu. Iombe sala hiyo ukiwa na daftari wazi mbele yako, majina huku, shilingi kule, uone kama ulimi hautakuwa mzito. Sifuti kila kitu. Yuko baba anayekopa unga akiwa na simu mpya mfukoni. Huyo atalipa, na tutaendelea kusalimiana. Lakini nilipofika Kumbukumbu la Torati sura ya 15 nilicheka peke yangu. Sheria inataka deni ziachiliwe kila mwaka wa saba, halafu mstari wa 9 unaonya mtu asimnyime ndugu yake maskini kwa kuwa mwaka wa saba umekaribia. Mungu anatujua sisi wenye maduka! Kwa hiyo kila Desemba napitia kurasa, na waliofiwa au kupoteza kazi naenda kuwaambia ana kwa ana kwamba jambo limeisha. Lazima wasikie. Mmoja alikuwa ameacha kupita barabara yetu, anazunguka nyuma ya soko na mtoto mgongoni. Sasa anapita, na ananunua taslimu.

Acha nitoe onyo moja, kwa sababu kundini tuna ndugu ambaye kwake hata pancha ya matatu ni ujumbe kutoka mbinguni. Si kila kitu kinabeba mstari. Nilikuwa nikichambua mahindi yaliyoshika ukungu, mtu akaniambia, "Viacheni vyote vikue hata wakati wa mavuno," Mathayo 13, mfano wa ngano na magugu. La, hasha! Mwaka 2004 mahindi yenye aflatoksini, sumu itokanayo na ukungu, yaliua watu 125, wengi wao Makueni na Kitui. Ukungu dukani unatolewa leo. Yesu mwenyewe alieleza kwamba lile konde ni ulimwengu. Hakusema ni gunia la kuuzia watu chakula.

Somo la hivi karibuni lilitoka nje ya duka. Mzigo wangu ukitoka Nyamakima, ninakonunua nafaka, wakati wa kushusha halikosi gunia la kuvuja, na wako akina mama wanaosubiri na ufagio na ungo kuokota punje zilizomwagika. Vijana wa kubeba huwafukuza kwa sababu wanazuia njia. Niliandika hivyo, nikaishia kwa Ruthu sura ya 2, pale Boazi, mwenye shamba, anapowaamuru vijana wake wasimkemee Ruthu, mjane anayeokota nyuma ya wavunaji, tena wamwachilie kusudi masuke kutoka katika matita ayaokote. Siku hizi nawaambia vijana wangu watulie mpaka akina mama wamalize kufagia, na gunia linalovuja silikimbilii na sindano.

Jumatano mzee wa kundi alifurahi, lakini dada mmoja hakuridhika. Boazi alikuwa tajiri, akasema. Kwa nini asimpe Ruthu gunia zima akapumzike, badala ya kumwinamisha shambani mpaka jioni? Tulibishana mpaka mandazi yakaisha. Mimi nilishikilia kwamba Ruthu alirudi kwa mkwewe na shayiri aliyoipura kwa mikono yake, hakuna wa kumsimanga. Dada akasema hayo ni maneno ya mtu mwenye duka, na kwamba yeye akiletewa gunia la kilo 90 atalipokea na kushukuru bila kuinama popote. Wengi walikuwa upande wake.