Vile tulivyohamisha karakana ya rangi mtaani kwetu Tudor

Kwa wale wanaouliza ukisumbuliwa na biashara iliyoota katikati ya nyumba za watu unaanzia wapi, niwaambie vile sisi tulifanya huku Tudor, manake wengi hukimbilia ofisi ya mazingira peke yake, mambo yakikwama wanakata tamaa, kumbe kesi yao nusu iko mazingira na nusu nyingine iko mipango ya ardhi.

Nyuma ya kwetu palikuwa na nyumba ya zamani, ukuta ukabomolewa, yakaingia mabati, mara kompresa, mara grinda, na kabla hatujakaa sawa ishakuwa karakana kamili ya kunyoosha bodi na kupiga magari rangi. Msimu wa kusi ukianika nguo darini zinashika vidoti vya rangi, kanzu nyeupe ndio usiseme, na harufu ya thina inaingia mpaka jikoni. Kuna mtoto jirani ana pumu, mamake alikuwa anafunga madirisha mchana kutwa, na joto la Mombasa mnalijua.

Wazee wa mtaa walimwendea mwenyewe kwa uzuri. Akatoa karatasi, "Wazee wangu, mimi nina leseni ya biashara, nimelipa." Na kweli alikuwa nayo. Lakini leseni ya biashara haibadilishi matumizi ya ploti, hicho ni kibali kingine kabisa, na hapo ndipo watu wengi hunyamazishwa.

Nikashuka mjini ofisi za kaunti. Afisa wa mazingira alinisikiza vizuri sana halafu akaniuliza, "Dada, hapo kwenu kwenye mpango pameandikwa makaazi ama ni mchanganyiko?" Mimi nimekuja na kelele na harufu, yeye ananiuliza ramani. Akanieleza, kanuni za kelele za 2009 zinaenda na aina ya eneo, yaani nje kwenye makaazi mwisho ni desibeli 50 mchana, makaazi yaliyochanganyika na biashara 55, eneo la biashara 60, na usiku kote huko ni 35, na huo usiku unaanza kuhesabiwa saa mbili na dakika moja. Kwa hivyo kipimo kikisoma 57 mchana, mtaa mmoja ni kosa, mtaa mwingine si kosa. Bila kujua ploti imepangiwa nini, kile kipimo ni namba tu.

Basi nikaingia mipango. Faili ya ploti ikatolewa: makaazi, na hakuna ombi lolote la kubadilisha matumizi. Hapo nguvu zikanijia. Sheria ya mipango ya 2019 inasema ukiendeleza ploti bila kibali cha kaunti faini inafika shilingi 500,000 ama jela miezi miwili ama vyote viwili. Na ukitazama Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, mipango, taka, kelele na uchafuzi wa hewa zote ziko upande wa kaunti, sasa kwa nini mwananchi apeleke malalamiko vipande vipande?

Nikaandika barua moja. Juu kabisa namba ya ploti, si jina la mtu, manake nilitaka isomeke ni habari ya ardhi, isije ikaonekana ni ugomvi wa majirani. Chini picha zenye tarehe, sahihi za majirani na namba za vitambulisho. Ikaenda mipango, nakala mazingira, nakala afya ya umma, nakala kwa mheshimiwa wa wadi, na ombi likawa moja tu: mje pamoja, siku moja. Na kila nakala nikagongewa muhuri wa kupokelewa, usiondoke kaunta bila muhuri!

Wakaja kweli. Wa mipango anaangalia karatasi, wa mazingira kasimama na kipimo chake dirishani kwetu wakati grinda inalia, wa afya akafuata maji ya thina mpaka kwenye mtaro, ule unaoshuka Tudor Creek kwenye mikoko. Kila mmoja aliona kitu ambacho mwenzake hangekiandika.

Tuliposita tulikumbushana Owino Uhuru, pale Mikindani, kiwanda cha kuyeyusha betri za risasi, ile madini yenye sumu, kilivyowekwa ukutani mwa nyumba za watu, na Mahakama ya Juu ilikuja kuirudisha mwaka 2024 ile fidia yao ya shilingi bilioni 1.3 iliyokuwa imefutwa kwenye rufaa, watu washaugua na watoto washazikwa. Mimi sitaki mtaa wangu ungoje mahakama.

Notisi ya kusimamisha kazi ilitoka mipango, ripoti ya kelele na ya mtaro zikiambatanishwa. Alikuwa na siku 14 za kukata rufaa kwa kamati ya usuluhishi ya kaunti, hakukata. Tulikaa naye kitako, manake wale vijana wa karakana ni watoto wetu, hatukutaka walale njaa, na akapata mahali upande wa Changamwe, kwenye gereji nyingine. Vijana aliokuwa nao, wengi alienda nao.

Sasa ploti ile inaombewa gorofa, tangazo liko getini. Safari hii hatungoji ijengwe. Tushaandika maoni mipango, nakala mazingira kama kawaida, na swali letu kubwa ni majitaka: gorofa zote hizo, shimo litachimbwa wapi, na litakuwa umbali gani na visima vyetu? Tunataka jibu liandikwe ndani ya kibali chenyewe, liwe sharti.